Mchanga wa Shimo la Nne

Bakili anaishi Kariakoo, nyumba ya tatu kutoka Mtaa wa Msimbazi, na kila alfajiri hutoka kwa miguu mpaka uwanja wa gofu wa mjini kwenda kuchana mchanga. Usicheke. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili, na pale uwanjani hakuna anayeshika reki kwa heshima kama yeye.

Mchanga wenyewe uko katikati ya njia ya shimo la nne, palepale mpira wa mchezaji mzuri unapopenda kutua. Wachezaji huuita banka, yaani mtego uliochimbwa makusudi kunasa mipira, na wengi hulitaja kwa matusi. Ukipiga kulia ni kweupe, hakuna wa kukusumbua, lakini pigo la pili itabidi ulirushe juu ya bonde la majani marefu. Kushoto ni kwembamba, mivinje imesongamana, ila ukithubutu kupita huko bendera ya shimo inakuwa wazi mbele yako.

Hayo Bakili hakufundishwa na mtu. Kabla ya reki alisukuma mkokoteni Kariakoo, na huko aliona jinsi mama mmoja akitandika nyanya zake katikati ya barabara, barabara yote inabadilika: mwenye magunia sharti aamue mapema, apite upande wa mtaro au upande wa magari. Waliosita walimwaga nyanya za watu. Siku ya kwanza kuliona lile banka alisema moyoni, aliyelichimba huyu anaijua Kariakoo.

Mwaka huu wachezaji wakachagua kapteni mpya, Ansbert, mtu mwenye pigo refu na subira fupi. Wiki yake ya kwanza banka lilimmeza mara tatu. Akamfuata Bakili.

"Shikamoo, Mzee Bakili."

"Marahaba, Kapteni."

"Jumatatu ijayo linakuja lori la udongo. Tunalifukia hili. Linaadhibu pigo zuri bwana, si haki."

Bakili aliumia kama aliyeambiwa nyumba yake inavunjwa. Jioni hakugusa ugali. Mkewe Zamzam, muuza dagaa sokoni, alimtazama akacheka.

"Hivi ulinioa mimi au ulioa mchanga?"

"Zamzam, wanalifukia."

"Usibishane nao. Mimi nilipougua nisifungue meza, si ndipo wateja walipojua dagaa wangu ni watamu? Chukua turubai langu la kuanikia dagaa, ulifunike banka. Waache wacheze bila hilo wiki nzima."

Kesho yake akamwomba kapteni wajaribu hivyo kabla ya lori. Ansbert akakubali, tena kwa furaha. Turubai likatandikwa, likabanwa kwa mawe, wakapatana kwamba mpira ukitua juu yake unasogezwa kwenye nyasi bila adhabu. Shimo la nne likanuka dagaa.

Siku mbili za mwanzo ilikuwa sherehe. Kila mtu alipiga katikati kwa nguvu zote. Kufikia Ijumaa nyasi za katikati zilikuwa zimechimbika, na huko kwenye mivinje hakukanyaga mtu. Wale waliozoea kusimama wakibishana itolewe fimbo gani, sasa walipiga na kuondoka wakizungumzia foleni za barabarani. Bakili alitazama, reki haina kazi. Wakizoea hivi, ndiyo basi tena.

Jumapili jioni Ansbert alikuja peke yake. Akapiga, mpira ukatua katikati, sawasawa. Akapiga mwingine, ukatua jirani yake.

"Mzee Bakili, mbona hapa siwazi chochote?"

"Ndivyo ulivyotaka, Kapteni."

Ansbert akainama, akashika pembe moja ya turubai. Bakili akashika nyingine.

Banka lilipokuwa wazi, Bakili alilichana taratibu mpaka mistari ikanyooka. Kapteni akarudi nyuma, akaitazama ile njia nyembamba ya kushoto kwa muda mrefu, akabadilisha fimbo mara mbili, akapiga. Mpira ukagonga mvinje, ukarudi, ukajiviringisha hadi katikati ya mchanga uliochanwa sasa hivi.

Alikuja mbio, anacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Usiuguse, mzee wangu! Nautoa mwenyewe. Na lile lori nalipigia simu lisije."

Bakili akajifuta macho kwa pembe ya turubai la mkewe. Chumvi ya dagaa ikamwasha, machozi yakazidi.