Kiti cha Pedali cha Kahaso

Miaka ishirini na sita Kahaso alisimama mbele ya karai la viazi vya kuuza pale Timbwani, na magoti yakachoka kabla mwenyewe hajachoka. Phoebe, binti wa mazoezi ya viungo kule zahanati, alimwambia ayakunje na kuyanyoosha kila siku, lakini asiyatwike uzito. Basi Kahaso akarudi nyumbani, akaokota kaa, akachora kwenye saruji ya kibarazani: kiti, na mbele yake pedali mbili za baiskeli.

"Shemeji Kaingu," alimwambia nduguye mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, "nitengenezee hiki."

"Wasafiri kwenda wapi, shemeji?"

"Mbinguni. Weye chomelea tu."

Siku ya tatu pedali zikaja, zimefungwa kwenye fremu ya chuma. Kahaso akaziweka mbele ya kiti cha plastiki, akaketi, akakanyaga kwa nguvu zote. Pedali hazikuzunguka, kiti ndicho kilichoondoka. Kiliteleza kinyumenyume mpaka kwenye kamba ya nguo, Kahaso akafunikwa na shuka mbili na suruali ya mumewe. Kaingu alicheka hata akakaa chini. Kahaso naye, humo ndani ya shuka, alicheka asiweze kujitoa.

Wakaunganisha kiti na pedali kwa chuma kimoja. Kikatulia. Lakini kila goti lilipofika juu, Kahaso alipiga ukelele. Akashuka, akautazama mchoro wake, akazungusha kidole hewani: duara kubwa, kisha duara dogo.

"Kata mikono ya pedali, ibaki nusu! Duara likiwa dogo, goti halikunjwi sana!"

Kaingu alimkodolea macho. "Ufundi huo umesomea wapi?"

"Kwenye viazi!"

Ilipokatwa, Kahaso alizungusha mara kumi, mara hamsini, akisubiri maumivu yasiyokuja, kisha akaanza kuimba. Jirani yake Sarah akaja kuuliza kuna nini, akapanda, akakataa kushuka. Phoebe alipofika kukagua alikuta foleni ya akina mama sita wakihesabu mizunguko kwa sauti. Naye akajaribu, akapima pembe ya goti, akaagiza viti viwili kama hicho vya zahanati.

Miezi miwili baadaye, Jumapili kanisani, kwaya ilisimama kucheza, Kahaso akasimama nayo. Magoti yalipanda, yakashuka, yakapanda tena. Katikati ya wimbo aliisikia sauti ya Kaingu kutoka benchi la nyuma, ikimweleza mgeni ambaye hakuuliza kitu: "Yale magoti ni kazi yangu!" Kahaso alikosa pumzi kwa kicheko, akapoteza maneno ya ubeti mzima, asiache kucheza.