Mama Pasi na Mikia ya Kiingereza

Wifi yangu tulimwita Mama Pasi. Miaka ishirini na miwili alisimama meza ya tatu katika chumba cha kufulia cha hoteli tuliyofanyia kazi sote wawili, akinyoosha mashuka, hadi mkono wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Kaka yangu, mumewe, alikuwa amepooza, na nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Hoteli ikauzwa. Akaja meneja mgeni asiyejua neno letu hata moja, akatangaza kwamba atatuhoji kwa Kiingereza, na watakaoshindwa wafungashe virago. Tukachanga, tukamleta mwalimu mstaafu atufundishe saa ya mapumziko, tukiwa tumekalia matenga ya nguo chafu.

Siku ya mikia wengi tulikata tamaa. Sisi tukitaka mtu akubali tunasema "sivyo?" na mambo yamekwisha. Kumbe kwa wenzetu kila sentensi ina mkia wake: "is" inadai "isn't", "can" inadai "can't".

"Mwalimu, si wangetumia mmoja tu, kama ng'ombe?" nikauliza.

"Wewe mama, huo mdomo utakuponza."

Mama Pasi hakucheka. "Na mtu akinirushia mkia, nifanyeje?"

"Mara nyingi anataka umkubalie tu."

Akaliandika hilo daftarini. Mwezi mzima kila shuka lilikwenda na mkia wake. Nikimtupia "It is hot", ananidakia "isn't it?" na pasi haisimami.

Tuliitwa wawili wawili, mimi na yeye. Meneja alitabasamu kama daktari wa meno.

"You are tired, aren't you?" Umechoka, sivyo?

Wifi yangu, mtoto wa watu, aliyelelewa kwamba mkubwa hapingwi usoni, akainamisha kichwa. "Yes, sir. I am."

Mgongo unakuuma, sivyo? Akakubali. Kazi hii inataka damu changa, sivyo? Akakubali pia, kwa Kiingereza kilichonyooka kama mashuka yake. Nikamkanyaga mguu. Akausogeza, akidhani amenibana.

Ikaja zamu yangu, swali lile lile. Mikia yote ilikuwa imenitoka.

"No! No tired!" nikabwata, nikapiga meza kofi. Meneja akacheka, akaandika kitu.

Ijumaa orodha ikabandikwa mlangoni. Mimi nimo. Yeye hayumo. Akaisoma mara tatu, kidole kikipita jina kwa jina.

"Wifi, nilikosea wapi? Maswali yote si niliyajibu?"

"Hukukosea. Ulitushinda wote."

"Sasa kaka yako nikamwambie nini?"

Akakunja aproni yake mara nne, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza, akaenda zake.

Jumatatu nikahamishiwa meza ya tatu. Mpini wa ile pasi umelika upande mmoja, pale kilipokaa kidole gumba chake. Kwangu mimi haushikiki vizuri.