Ringi ya Chenso ya Baba

Sisi tuliokulia Mgeta tulizijua saa kwa milio. Asubuhi jogoo, kisha kengele ya misheni, halafu chenso ya baba, msumeno wake wa mashine, kule bondeni. Ikinguruma na kunyamaza ghafla, mama alibandika maji ya ugali, maana mti umeshalala na mwenye njaa yuko njiani. Watoto nasi tulikuwa na chenso zetu za mdomo. Tulishika mabua, tukajaza mashavu hewa, tukapasua migomba ya watu hadi tukafukuzwa. Tukichoka tulijitupa kwenye lundo la unga wa mbao tukila njegere mbichi ambazo hatukupewa ruhusa ya kuzichuma. Watoto wa leo ukiwaambia wakacheze nje, wanakuuliza kama huko nje kuna chaji.

Chenso ile ilikuwa kuukuu tangu siku baba alipoinunua kwa seremala mmoja aliyekuwa anaacha kazi. Aina yake ilishaacha kutengenezwa, na dukani ukiitaja walikutazama kwa huruma. Kwa hiyo baba alikuwa na sheria moja: spea haiagizwi kwa maneno. Ukichanika mpira wa kabureta, unatumwa mpira wenyewe. Ikikatika springi ya stata, springi yenyewe inafungwa kwenye kitambaa na kupanda lori la mboga kwenda mjini Morogoro, ikalinganishwe huko. "Chuma hakina jina, kina umbo," alizoea kutuambia.

Nilikuwa darasa la tatu chenso ilipoishiwa nguvu, tena wakati mbaya. Nyumba ya bibi, mama yake mama, ilikuwa imeanguka upande mmoja, na kuta mpya za udongo zilikuwa zimesimama zikisubiri mbao za paa. Magogo yamelala shambani, masika yanakaribia. Kwetu Uluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo baba alikuwa amejenga kwenye ardhi ya wakwe zake. Wajomba wakaanza kuulizana, kwa sauti ya kusikika, mkwe mwenye mashine ana faida gani ikiwa mama mkwe atalowa.  Baba aliifungua injini, akatoa ringi ya pistoni iliyolika, akamkabidhi mama aende nayo mjini. Nilimwonea huruma, ingawa sikujua kumwambia.

Mama alishuka na kabichi zake, nami nikafuatana naye kumsaidia kapu. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, ringi alinipa mimi niitunze. Sasa mtoto wa kike umpe kitu cha duara kinachong'aa, mnadhani atakiweka wapi? Niliivaa. Ilikuwa bangili kamili, ikibana kidogo kwenye dole gumba halafu inapita. Nikakaa juu ya magunia, nikaning'iniza mkono nje ya lori ili watu wa Mlali, kule njiani, waione vizuri.

Tulipofika kwa mzee aliyeuza spea za mashine za kizamani, mama alimwamkia shikamoo, kisha akaninyooshea kiganja. Mkono wangu ulikuwa mtupu, ringi ilikuwa imechomoka njiani. Niliziona kuta za bibi zikiyeyuka, nikalia kabla sijapigwa. Mama hata hakunipiga. Alikaa juu ya ndoo ya oili iliyopinduliwa, akashika tama. Kurudi mlimani na kushuka tena ilikuwa ni kusubiri lori la wiki ijayo, na mawingu tulikuwa tumeyaacha yamekaa vileleni.

Mzee akauliza imekuwaje, mama akamweleza. Mzee akanigeukia.

"Uliivaa mkono gani, mjukuu wangu?"

Nikasema wa kushoto.

"Ulete hapa."

Akamimina kopo la ringi mezani, akatenga saizi tatu alizodhani zinafaa, akaanza kunivisha polepole zisivunjike. Ya kwanza ilianguka yenyewe. Ya pili iligoma kabisa. Ya tatu ilibana dole gumba, ikaniuma palepale iliponiuma asubuhi, kisha ikapita. Nikasema ni hii. Mama akaniuliza, na kama siyo? Nikarudia kuwa ndiyo, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Ilirudi Mgeta imefungwa kwenye ncha ya kanga ya mama. Mama alimsimulia baba yote, hakunifichia hata kidogo. Baba akaijaribu kwenye silinda, akaipiga tupa kidogo ncha zake, pale duara linapoachana, akaifunga. Siku ya pili yake bonde zima lilisikia. Wajomba walizibeba mbao wenyewe hadi kwa bibi, na hakuna aliyeulizana tena na mwenzake.

Mvua ya kwanza ilimkuta bibi ndani. Baba alikuwa amejibanza upenuni, maana mkwe na mama mkwe hawakai pamoja hivi hivi. Bibi akanituma kwake.

"Kamwambie baba yako aingie. Nyumba aliyoipasulia mbao haiwezi kumwacha alowe."

Aliingia, akakaa karibu na mlango, akala magimbi ya moto huku ameutazama ukuta. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Chenso bado ipo, sasa inashikwa na mwanangu. Yeye spea anaitafuta kwa simu. Anapiga picha, kidole kimeziba nusu ya kitu chenyewe, anaituma. Juzi tumeletewa gasketi ya pikipiki. Nikamwambia atume chuma chenyewe, akacheka kama nimemwambia atume njiwa. Lakini mara nyingi anapata, tena haraka, na mashine inanguruma, nami naridhika. Sitaki kuwa mzee wa kulaumu kila kipya.

Ila spea yake ikija, dereva wa bodaboda anaiacha mlangoni na kuondoka, tunaikuta jioni. Siku ile yetu ya kurudi na ringi, lori lilipomaliza kona ya mwisho, tulimkuta baba amesimama barabarani tangu mchana, amevaa shati lake la kanisani.