Mkono wa Kulia wa Bedan

Syokau hakuipenda gemu ile hata kidogo. Msichana wa Gatuanyaga, aliyekulia kwa mbuzi na vumbi, aliolewa Ruiru na Bedan, fundi wa kompyuta, na ugomvi wao ulikuwa huo huo miaka nenda miaka rudi. Bedan akitoka kazini, anaketi mbele ya kompyuta, anakwenda vitani. Vita vyenyewe ni vya miaka mia tatu ijayo, katika mji wa vyuma uliojengwa mwezini. Mchezaji anaona kwa macho ya askari wake, bunduki tu mbele yake, na mashine zinazochomoka vichochoroni kumwinda.

"Baba Kui, una mke ama una mwezi?" Syokau alikuwa akimuuliza.

"Ngoja nimalize hawa wawili tu."

Kisha kiharusi kikamwangusha bafuni. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umekufa, na maneno yamemwisha. Alibaki na ndiyo, hapana, jina la binti yao Kui, na "pole," ambalo alilitumia kwa kila kitu. Akitaka maji, pole. Akiumwa, pole.

Syokau alikuwa na kibanda cha mboga pale pale nje ya mlango. Alasiri moja, akikata sukuma, alisikia milio ya risasi ndani. Akaingia. Bedan alikuwa ameweka mkono wa kushoto kwenye kibodi, akimtembeza askari wake vizuri tu, lakini kulenga na kufyatua ni kazi ya kipanya, na kipanya ni cha mkono wa kulia. Mashine zikamuua. Akaanza upya. Zikamuua tena. Akaanza upya.

Syokau alisimama kidogo, kisu mkononi. Halafu akajifuta kwa aproni, akavuta stuli, akashika kipanya.

"Nionyeshe nipige nani."

Alipiga ukuta. Alipiga askari wa upande wao. Bedan akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akacheka hadi machozi yakamtoka kwa jicho moja.

Basi ikawa hivyo kila alasiri, kabla wateja wa jioni hawajafika. Bedan anatembea, Syokau anapiga. Adui akitokea, Bedan alimgonga mkewe kwa bega, na akimwambia "pole," Syokau alijua ni taratibu, usifyatue bado. Mtu ambaye hakuweza kuomba maji akaelewana na mkewe kuliko walivyowahi kuelewana. Siku moja Kui alipiga simu kutoka Kahawa Sukari, alikopanga chumba akisoma.

"Mum, mnafanya nini?"

"Tuko kazini na babako. Piga baadaye."

Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi. Bedan alifariki Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Baada ya mazishi, Ndung'u, ndugu ya marehemu, aliiomba ile kompyuta. Syokau akamwambia asubiri. Kui alikuwa nyumbani siku mama yake alipoiwasha. Askari alikuwa amesimama pale pale walipomwacha, mwanzoni mwa daraja. Syokau akashika kipanya. Aliweza kumgeuza, kumwangalisha juu kwenye nyota, kufyatua. Kumtembeza hakuweza. Siku hizo zote hakuwahi kutazama kile mkono wa kushoto wa Bedan ulichokuwa ukifanya. Mashine ikaja kutoka kando, akaiona imeshafika.

"Baba Kui, twende!" alisema kwa sauti.

Kui akavuta kiti. "Mum, acha nikufunze kutembea. Ni batani nne tu."

"Hapana."

"Sio ngumu."

"Najua si ngumu. Hiyo ni kazi ya babako."

Wiki iliyofuata Ndung'u alikuja na bodaboda. Syokau mwenyewe alikunja nyaya, akaifunika kompyuta kwa shuka isiingie vumbi, akambebea hadi barabarani. Sisi majirani tulienda kununua mboga jioni hiyo, tukakuta kibanda kimefungwa.