Namba Saba Alizobakiza Baba

Kompyuta ilipata jibu kabla sijamaliza kupiga chafya.

Jibu hilohilo lilinifungia mlango wa kwetu miaka sita.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mgonjwa wa mafumbo ya namba. Nilipopata mimba nikaacha shule, alifoka:

"Si unajiona una akili? Tafuta namba ya tarakimu nne. Ukiizidisha kwa nne, jibu liwe ileile, imesomwa kinyumenyume. Ukiipata, rudi. Kabla ya hapo nisikuone!"

Nikaondoka. Kichwa kigumu kama yeye. Hata laini ya simu nikabadilisha.

Mwaka huu nikaanza masomo ya jioni ya kompyuta, binti yangu akisinzia mapajani. Mwalimu akataka kila mtu aandike programu yake. Yangu ilikuwa mistari michache tu: anza 1000, zidisha kwa nne, geuza, linganisha. Zisipolingana, nenda kwenye inayofuata, mpaka 9999.

Nikabonyeza.

2178.

Mara nne, 8712.

"Dada, unalia nini? Si programu imekubali!"

"Ndiyo maana nalia, mwalimu."

Jumamosi tukashika njia. Binti yangu akawa anakariri zawadi ya babu yake: "Mbili, moja, saba, nane."

Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

"Mama, baba yuko wapi?" nikamuuliza mama yangu.

"Tumemzika juzi, mwanangu. Tumekupigia simu mpaka tukachoka."



Mama akanipa daftari la vipimo. Katikati ya viuno na mikono ya wateja: 1000 mara nne. 1001 mara nne. Kurasa kwa kurasa, mwandiko ukizidi kutetemeka.

"Alikuwa anatafuta nini? Si jibu alikuwa nalo?"

"Alitoe wapi? Fumbo lenyewe alilisikia redioni, betri zikaisha kabla ya jibu." Mama akacheka, kisha akalia. "Alisema akilipata atamtuma mtu akunong'oneze, ujifanye umelipata mwenyewe, urudi. Nikamwambia, baba we, si umwite tu? Akaninunia siku mbili."

Mstari wa mwisho: 2171.

Zilibaki namba saba kufika jibu.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaziandika zote kwa mkono. Ya mwisho, binti yangu aliisoma kwa sauti, akiielekea cherehani.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mlango unasubiri upate jibu ndipo ubishe hodi, bisha leo. Huenda aliye ndani naye hana jibu. Anakutaka wewe tu.