Sanduku Nyuma ya Mlango

Leo, katika duka dogo la Nyakabanda, nimesikia harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na miguu yangu ikataka kukimbia.

Sanduku la bibi lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa daima, likinuka vidonge hivyo. Ndani mlikuwa na blanketi, nguo, sufuria, sukari na viatu vya kukimbilia. Alikimbia nalo kutoka Rwanda akiwa msichana, akarudi nalo kutoka Burundi akiwa na wajukuu. Sisi watoto tulikatazwa hata kulikalia.

Alasiri moja, mawingu yakijikusanya juu ya mlima, alilifungua. Akatundika nguo ukutani. Sukari ilikuwa imeganda kama jiwe. Akaivunja kwa mchi, akaitia kwenye chai yake. Viatu akampa jirani, kisha akaketi mkekani, peku, akanyoosha miguu.

Mama alirudi kutoka sokoni akaliona sanduku tupu. Aliangalia barabara kwanza, halafu akafunga mlango.

"Mama, rudisha vitu. Na wakija?"

"Wakija watanikuta nakunywa chai. Mimi nimezeeka, binti yangu. Sikimbii tena."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Sikujua wangekuja akina nani, lakini kicheko kile kiliniogopesha kuliko radi.

Jioni ile ile mama alilijaza sanduku upya, kwa nguo zake na zetu.

Nimenunua pakiti ya vidonge. Nina mvi sasa, na sanduku liko nyuma ya mlango wangu. Bado sijazeeka vya kutosha.