Kumburuta Baba Mkwe

Balbina wa Lipangalala hakuwa mtu wa kuonewa. Sokoni Ifakara hata madalali wa mchele walimpisha njia, maana ulimi wake haukuwa na mfupa. Lakini mbele ya baba mkwe wake, Mzee Fridolin, ulimi ule ulirudi ndani kama kichwa cha kobe. Shangazi yake alimfunda sawasawa kabla ya ndoa: mkwe haguswi, hanyooshewi kidole, na hata akiwa na pumba kwenye koti unamwacha nazo.

Sasa alitaka chumba cha mbele cha nyumba ya mzee, afungue steshenari yake mwenyewe. Kompyuta alishajifunza dukani kwa rafiki yake Careen. Mzee akasema, "Sawa, lakini nione kwanza. Nitengenezee bango la misa ya kumbukumbu ya marehemu mama yenu." Akaja dukani, akavuta kiti, akaketi nyuma kabisa ya mgongo wa Balbina.

Kwenye skrini picha zilikuwa mbili: marehemu Bibi Brigitha, mke wa mzee, kulia, mzee kushoto, na katikati yao nafasi ya kupitisha trekta.

"Mbonyeze mzee hapo usoni, usimwachie, halafu mburute mpaka kwa bibi," Careen akaelekeza bila haya.

Jamani! Amburute nani? Balbina akashika kipanya kwa mikono miwili, kama anayepokea zawadi. Mshale ukakwepa paji la uso, ukatafuta ukingo wa kofia, ukateleza, ukamchoma mzee puani. "Samahani, baba," akasema, akaachia. Akajaribu kwa kola. Alipomfikisha nusu ya njia, mzee mwenyewe akakohoa nyuma yake. Balbina akashtuka, akaachia, na baba mkwe akaangukia juu ya tarehe ya misa. Careen akatoka nje kucheka.

Balbina alitamani ardhi ipasuke. Chumba kilikuwa kinamponyoka hivihivi, anakiona.

Ndipo akili ikamjia. Akabonyeza kitufe cha kumrudisha mzee mahali pake, akamwacha atulie. Kwa nini ahangaike naye? Mama mkwe ndiye ambaye Balbina alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe kipindi chote cha ugonjwa, akamlisha uji, akamgeuza kitandani. Kwa huyo hakuwa na hofu. Akambonyeza begani, akamleta taratibu kwa mumewe.

"Msogeze zaidi," mzee akasema.

Akamsogeza.

"Bado. Mabega yagusane."

Yakagusana. "Miaka yote ile kanisani tulikaa mbalimbali, yeye upande wa kina mama," mzee akasema. "Mimi nilitaka tukae hivi."

Balbina hakuthubutu kugeuka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Chumba ni chako, mama Beno," mzee akaendelea. "Lakini siku yangu nami ikifika, wewe ndiye wa kunisogeza. Wengine wataniburuta."